Kawa ya Sh300 na kiingilio kisichopunguzwa bei



Likizo ya Agosti mwaka huu niliwatimizia wanangu ahadi iliyokuwa imekaa miaka miwili: siku moja katika bustani ya michezo ya maji upande wa Nyali, Mombasa. Tulitoka Takaungu mapema watu sita. Mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na haja ya kuteleza kwenye maji lakini alisema haachwi nyumbani wajukuu wake wakienda kufurahi.

Mama mkwe ni msusi wa ukili tangu usichana wake. Alfajiri ile alikuwa amekaanga mahamri, akayatia kwenye bakuli kubwa, akalifunika kwa kawa mpya ya rangi tatu na kulipakata mapajani safari nzima.

Langoni bei zilikuwa zimeandikwa ubaoni. Mtoto Sh900, mtu mzima asiyeogelea Sh500. Nikajaribu maneno yetu ya Pwani, "Kijana, tuko wengi, tufanyie wepesi." Akacheka kwa adabu, akanyoosha kidole kwenye ubao. Nikatoa Sh4,200. Halafu tukaambiwa chakula cha nje hakiingii, bakuli libaki kwa mlinzi.

Tukiwa pale, mama mmoja mgeni akaiona kawa. Akaigeuza huku na huku, akauliza kama inauzwa. Mama mkwe akajibu bila kufikiri, "Mia tatu." Yule mama akatoa pesa upesi upesi, kama mtu anayeogopa bei isije ikabadilika. Mama mkwe akafurahi. Mahamri yakabaki wazi, na mlinzi akapata fungu lake.

Watoto walicheza mpaka macho yakawa mekundu. Chakula cha ndani kilinigharimu Sh2,800, na hapo pia sikuomba kupunguziwa. Nikijumlisha na nauli ya Sh2,400 kwenda na kurudi, siku yetu iligharimu Sh9,400.

Jioni, watoto wakiwa wamelala kwenye matatu, mke wangu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kati ya pesa zile, Sh3,000 zilitoka kwa mamake. Alikuwa amezitoa kimya kimya ili wajukuu wasiahirishiwe tena. Nilinyamaza hadi Mtwapa. Tulipofika nyumbani nilichukua daftari, na hesabu niliyoipata ndiyo ninayotaka kukuonyesha leo, kwa sababu najua nyumba nyingi za Pwani zina mama kama huyu.

Hesabu ya kawa moja

Tuanze na vitu. Kawa moja ya mama mkwe hula miyaa ya Sh100. Rangi ni Sh40. Makaa ya kuchemshia rangi na uzi wa kushonea, Sh20. Nauli ya kufuata vitu hivyo mjini, ukiigawa kwa kila kawa, Sh30. Jumla ni Sh190 kabla mkono haujafanya kazi yoyote.

Sasa kazi. Miyaa hukaushwa, huchanwa nyuzi zilizo sawa, kisha sehemu yake huchemshwa kwenye rangi na kuanikwa tena. Halafu huja kusuka ukili wenyewe. Kawa hii ya kwetu hutaka kiasi cha pima nne za ukili mwembamba. Mwisho ni kushona: ukili unazungushwa kuanzia kileleni, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kawa ipate umbo. Nilimuomba mke wangu amwangalie mamake kwa saa bila kumwambia. Kazi yote ilichukua saa 14, zikiwa zimetawanyika katika siku tano, kati ya kupika na kulala.

Kawa inauzwa Sh300. Toa Sh190 za vitu. Zinabaki Sh110. Zigawe kwa saa 14, unapata chini ya Sh8 kwa saa.

Kisha nikarudi kwenye zile Sh3,000 alizotuchangia. Kwa macho ya haraka ni kawa kumi. Lakini kama kila kawa humwachia Sh110 tu, basi ni faida ya kawa zaidi ya 27. Hizo ni zaidi ya saa 370 za kuinamia ukili. Zilikwisha kwa siku moja, na kijana wa langoni hakupunguza hata shilingi.

Simlaumu kijana wa langoni. Bustani ile ina pampu, maji, waokoaji na mafundi, na mwenyewe amekaa akahesabu kila kimoja kabla ya kuandika bei ubaoni. Sisi ndio hatukuhesabu. Bei ya Sh300 hakuna aliyekaa akaipanga. Mama mkwe aliikuta kwa mchuuzi, akaizoea.

Kamba iko kwenye miyaa

Utauliza, kwa nini asiongeze tu? Nami nilimuuliza. Jibu lake lilikuwa fupi, "Mwanangu, miyaa ni yake."

Wasusi wengi hawana pesa za kununulia miyaa na rangi kwa pamoja. Mchuuzi huwaletea kwa mkopo, kisha hurudi kuchukua kazi iliyokwisha na kukata deni lake. Kwa kuwa deni liko kwake, bei pia iko kwake. Msusi akitaka kumuuzia mwingine anaonekana amevunja ahadi. Akikataa bei, hana miyaa ya wiki ijayo. Mchuuzi huyu si lazima awe mtu mbaya, na huenda naye ana deni mahali. Lakini mpango wenyewe unamfunga mwenye mkono.

Kwa hivyo anayetaka kumsaidia msusi aanze na mtaji wa vitu, hata kabla ya kutafuta soko. Akinunua miyaa yake kwa pesa taslimu, ana ruhusa ya kusema bei.

Saa ya mtu ina bei

Tulitafuta kipimo cha saa. Kibarua wa kupalilia hapa kwetu hulipwa kiasi cha Sh400 kwa siku ya saa nane, yaani Sh50 kwa saa. Tukasema msusi mwenye ujuzi wa miaka 40 asiwe chini ya hapo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Gharama ya vitu, ongeza saa za kazi mara Sh50. Juu ya jumla hiyo ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya meza, nauli ya kupeleka sokoni na vile vitakavyoharibika au kukosa mnunuzi. Kwa kawa: Sh190 na Sh700 ni Sh890. Ongeza Sh89, ni Sh979. Tukaandika Sh1,000.

Mama mkwe aliposikia alishika kinywa. "Nani atanunua kawa kwa elfu moja?" Swali lake ni la haki, na usilipuuze. Kuna wateja watakaonunua, na kuna ambao hawatanunua kabisa. Jirani yako wa kila siku pengine hatanunua. Ndiyo maana mezani hatuweki kawa peke yake. Unaweka kitu kidogo ambacho mtu ananunua kwa chenji, kitu cha wastani, na kitu kikubwa kinachomfanya asimame kutazama. Sisi tulichagua vipepeo vya mkono, mikoba midogo na kawa.

Kipepeo kina vitu vya Sh50 na saa mbili za kazi. Kwa kanuni ile ile kinafika Sh165, tukaandika Sh170. Mkoba una vitu vya Sh180 na saa sita, unafika Sh528, tukaandika Sh530.

Kujitayarisha

Tunalenga bazari ya kazi za mikono Kilifi mjini katikati ya Novemba. Wengine watauliza kwa nini tusiende Lamu, kwenye Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa mwezi huo huo na huvuta wageni wengi. Ukiwa na jamaa wa kukupokea, nenda. Lakini anayetoka huku kwetu ahesabu basi hadi Mokowe, boti ya kuvuka hadi kisiwani, na malazi. Kwa mzigo mdogo kama wetu nauli ingekula faida yote. Anza soko unaloweza kurudi nyumbani jioni.

Toka katikati ya Agosti hadi bazari ni wiki 13. Tuliuliza kwanza, mikono ina saa ngapi? Mama mkwe alisema saa 10 kwa wiki, asizidishe, maana macho yanamuuma akisuka usiku. Mke wangu saa 10. Binti yangu mkubwa, anayejifunza, saa nne. Hizo ni saa 24 kwa wiki. Kwa wiki 12 ni saa 288. Wiki ya 13 tuliiacha kwa kukagua na kufungasha.

Saa hizo 288 zinatoa kawa 8, mikoba 16 na vipepeo 40. Si zaidi. Watu wengi huharibikiwa hapa: huahidi mzigo mkubwa, kisha wiki ya mwisho wanasuka kwa taa mpaka usiku wa manane, na ukili wa usiku huonekana mchana.

Mtaji wa vitu vyote hivyo ni Sh6,400. Vikiuzwa vyote kwa bei tulizoandika ni Sh23,280. Toa mtaji, zinabaki Sh16,880. Malipo ya saa za kazi ni Sh14,400, na Sh2,480 zinazosalia ndizo za meza, nauli na hasara. Si utajiri. Lakini ni malipo ya kazi, na mtaji unarudi mkononi mwa msusi, tayari kwa miyaa ya mzunguko wa pili.

Mambo mengine tuliyojifunza, kwa ufupi:

Kausha mapema. Agosti na Septemba bado jua linatosha kabla ya vuli kuingia. Miyaa iliyosukwa ikiwa na unyevu huota ukungu, na Pwani yetu haina huruma kwa kitu chenye unyevu. Ukimaliza kusuka usifungie kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Ifunge kwa shuka ya pamba, uiweke juu, mbali na sakafu.

Jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, ukisugue juu ya ukili. Kikitoka na rangi, kazi hiyo haijawa tayari. Mnunuzi wa mkoba akienda na kanzu nyeupe na kurudi na doa, hujampoteza yeye peke yake.

Tenga chenye kasoro. Kama mshono umepinda, kiweke pembeni, sema kasoro yake wazi, na ukiuze kwa bei ndogo. Kuficha aibu ya bidhaa ni jambo tunalojua hukumu yake katika dini yetu, na hata bila hukumu, mji ni mdogo.

Andika bei. Kikaratasi kidogo kwenye kila kitu. Kule bustanini ubao ule ulimaliza mjadala kabla sijafungua kinywa vizuri. Kupatana bei ni ada yetu, wala siikatazi, ila ujue kiwango chako cha mwisho kabla ya kutoka nyumbani. Kwa kawa ni Sh890. Chini ya hapo inarudi Takaungu.

Tenga pesa. Mke wangu amefungua Pochi la Biashara kwenye simu ili pesa za mauzo zisichanganyike na za unga na karo. Na beba chenji, na turubai la mvua.

Sijasema watu wasiende kutembea. Watoto wana haki ya kucheka, na siku ile hawataisahau. Nilichokosea ni kutouliza pesa za furaha yao zimetoka wapi. Mtaji wa Sh6,400 nimeutoa mimi, nao nimeuhesabu kama ninarudisha Sh3,000 za mama mkwe na kumuongezea. Deni la mchuuzi tulilimaliza wiki iliyopita kwa kawa mbili za mwisho alizomuahidi. Mchuuzi aliuliza kama alete miyaa mingine. Mama mkwe akasema atampigia simu.

Juzi jioni nilimkuta barazani anamfundisha mjukuu wake kuanza ukili. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Mwakani tutakwenda tena pale penye maji?"

Nikamwambia tutakwenda inshaallah, na kiingilio ni juu yangu. Akasema sawa, lakini kawa ataibeba yeye, na safari hii mgeni akiuliza atamwambia elfu moja.

Wabillahi tawfiq.