Pikipiki ya shamba: Mvuto kwanza, mbio baadaye

MKULIMA wa Kata ya Pangani, Kibaha, anayetoa mihogo au mboga shambani kwenda Barabara ya Morogoro hupambana na mchanga wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Hata hivyo, anapokwenda kununua pikipiki, swali la kwanza huwa ni ukubwa wa injini. Historia ya pikipiki za njia mbaya inaonyesha kuwa swali hilo halitoshi.

Nchini Uingereza kuna mashindano ya siku sita katika milima ya Scotland, yaliyoanza mwaka 1909. Mshindi si mwenye mbio. Madereva hupita kwenye mawe, matope na vijito, na anayetua mguu chini hupewa pointi za adhabu. Mwaka 1964 Sammy Miller alishinda kwa pikipiki ya Ariel ya cc 500. Mwaka 1965 alishinda tena, safari hii kwa Bultaco Sherpa ya Hispania aliyoshiriki kuiunda, yenye injini ya nusu ya ukubwa huo. Ilimsaidia kwa wepesi wake na kwa kuvuta vizuri hata ikienda taratibu.

Wajapani nao walitafuta pikipiki nyepesi. Mwaka 1968 Yamaha iliingiza sokoni DT-1 ya cc 250, inayofaa barabarani na porini. Baadaye ilikuja DT 125, iliyotumiwa sana Afrika na mabwana shamba na wafanyakazi wa miradi. Ndugu yake, AG 100, ilitengenezwa kwa ajili ya shamba: ina keria mbele na nyuma, na mnyororo wake umefunikwa ili mchanga usiingie.

Je, mkulima atafute moja ya hizo kuukuu? Hapo lazima apige hesabu. Injini zake huunguza oili pamoja na petroli, hivyo oili ikiisha pistoni hukwama. Vipuri navyo ni shida kupata. Tuseme pikipiki inaingiza faida ya Sh10,000 kwa siku. Ikilala kwa fundi siku 20 ikisubiri kipuri, mwenyewe amepoteza Sh200,000 kabla ya kulipa ufundi. Pikipiki za kisasa za bodaboda hazina uimara ule kwenye mashimo, lakini vipuri vyake vinapatikana karibu kila senta.

Njia nafuu ni kuipa pikipiki ya kawaida mvuto wa ile ya milimani. Kama sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 42, uwiano ni 2.8. Ukifunga ya nyuma yenye meno 45, uwiano unakuwa 3.0. Mvuto huongezeka kwa asilimia 7 hivi, na mwendo hupungua kwa kiasi kama hicho. Mnyororo unaweza kuhitaji kurefushwa, na anayekwenda mbali kwenye lami atatumia petroli zaidi. Kwa hiyo mabadiliko hayo yanamfaa anayebeba mzigo kwenye mchanga, si anayekimbiza abiria mjini.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahesabu meno ya sproketi, akague shokomzoba za nyuma akiwa amepakia mzigo, kisha aulize bei ya vipuri katika duka lililo karibu na shamba lake.