Lantana: Kutoka Ua wa Boma Hadi Gugu Sugu

Mkazi wa Kianyaga na viunga vyake, huenda kichaka hiki kiko langoni pako: majani ya kukwaruza, maua madogo ya manjano, waridi au mekundu. Ni lantana. Wengi waliipanda iwe ua wa boma. Leo inavamia malisho, mashamba na kingo za barabara.

Ilitoka wapi?

Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Kuanzia karne ya 17 ilipelekwa Ulaya, ambako watunza bustani waliichanganya na jamaa zake ili kupata maua ya rangi mpya. Machotara hayo ndiyo yaliyosambazwa duniani kama mapambo.

Kwa nini uchotara ni tatizo?

Mkulima wa mahindi anajua nguvu ya mbegu chotara. Si kila mchanganyiko hufaulu. Machotara mengine ni dhaifu au hayazai. Lakini lantana huzaa mbegu, na miche yake hutofautiana: mmoja hustahimili ukame, mwingine kivuli, mwingine una miiba zaidi. Katika wengi namna hiyo, hakosi mmoja wa kufaa shamba lako. Ndege nao hula matunda na kusambaza mbegu.

Tofauti hizo pia hutatiza udhibiti. Nchini Australia, wadudu walioachiliwa waishambulie lantana walipendelea aina fulani na kuziacha nyingine zikistawi.

Hatari kwa mifugo

Majani yake ni sumu kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, hudhuru ini. Dalili ni kukataa chakula, macho kuwa ya manjano, na sehemu nyeupe za ngozi kuungua na kubambuka juani. Mweke mnyama kivulini na umwite daktari wa mifugo mapema.

Ufanye nini?

• Ng'oa na mizizi yake, kabla matunda hayajaiva. Ukikata tu, shina litachipua tena.
• Rudi baada ya mvua ung'oe miche mipya.
• Panda nyasi au mazao mahali ulipong'oa, pasibaki wazi.
• Usilete nyumbani lantana ya rangi nyingine. Aina mbili zikikaribiana, nyuki na vipepeo huzichanganya, na gugu jipya huzaliwa.

Zungumza na jirani pia. Ukisafisha kwako peke yako, ndege watakurudishia mbegu kutoka kwake. Kwa ushauri, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.