Je, Wajua? Herufi Moja Huhamisha Ugonjwa

Je, wajua kwamba maneno ya kitabibu ileum na ilium hutamkwa sawa kwa Kiingereza, ilhali la kwanza ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na la pili ni mfupa mpana wa nyonga? Anayenakili sauti ya daktari akiandika e badala ya i, maumivu yamehama kutoka mfupani hadi tumboni. Kiswahili nacho kina maneno yanayokaribiana: kichomi hushika mapafu, kichocho huletwa na minyoo, surua huja na vipele, safura hupunguza damu.

Wapo watakaosema kompyuta itasahihisha. Lakini kompyuta hukagua tahajia, na hapa kila neno limeandikwa sawasawa. Kosa limo katika maana. Ndiyo maana sikio pekee halitoshi. Mnakili asome sentensi nzima, apime dalili, kiungo na dawa vinaelekea wapi. Kumuuliza daktari kunachelewesha kazi, ni kweli, ila ucheleweshaji huo ni mdogo kuliko tiba isiyostahili. Ukibaki na shaka, acha pengo, uliza: pengo huonekana likajazwa, neno lisilo sahihi huaminiwa.