Buti za jeshi au viatu vya mbio? Swali la mama mmoja wa Matonge

BRUSSELS – Ukitoka katika kituo cha metro cha Porte de Namur na kufuata Chaussée d'Ixelles, huna haja ya kuuliza njia ya kwenda Matonge. Harufu ya samaki wakavu na mlio wa mashine za kunyolea zitakufikisha kwenyewe, hadi ndani ya Galerie d'Ixelles, ambako Kilingala ndicho mwenye nyumba na Kiswahili ni mgeni aliyezoeleka. Mtaa huu umepewa jina la Matonge ya Kinshasa, na tangu tarehe 30 Juni 2018 pana hapa kiwanja kidogo chenye jina la Patrice Lumumba.

Ni hapa ambapo mama mmoja wa Bukavu, msusi kwa kazi yake, alinisimamisha Jumamosi moja. Alikuwa amesikia kwamba naandika habari za riadha. Mwanawe ana umri wa miaka 18, amezaliwa Ubelgiji, anakimbia mita 5,000 katika klabu, na sasa anataka kufanya mtihani wa kuingia Shule ya Kifalme ya Kijeshi. Kocha wake anaona kijana atajiharibia miguu. Baba mtu anaona mbio si kazi ya kumlisha mtu. Mama alitaka kujua jambo moja tu: yote mawili yanawezekana?

Shule yenyewe haiko mbali na kibanda chake. Ni vituo viwili vya metro hadi Arts-Loi, unabadilisha treni, unashuka Merode. Ilianzishwa mwaka 1834 na iko Avenue de la Renaissance, pembeni mwa bustani ya Cinquantenaire. Lakini kijana anayeingia hapo haanzi na vitabu, anaanza na kambi. Itakumbukwa kwamba mwaka 2020 Binti Mfalme Elisabeth, mrithi wa kiti cha ufalme cha Ubelgiji, alipelekwa Elsenborn mashariki mwa nchi kwa mafunzo ya wiki nne pamoja na wenzake, na mwezi Septemba ndipo akavishwa bereti ya buluu.

Kwa mkimbiaji, shida ya kwanza ni kalenda. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba ndio wakati wa mashindano ya Memorial Van Damme, usiku mkubwa kabisa wa riadha mjini Brussels. Tarehe 4 Septemba 2020, katika uwanja wa Mfalme Baudouin, Mo Farah wa Uingereza alikimbia mita 21,330 kwa saa moja na kuvunja rekodi ya dunia. Bashir Abdi wa Ubelgiji, mzaliwa wa Somalia kama Farah, alikuwa nyuma yake kwa mita nane tu, na njiani akajichukulia rekodi ya mita 20,000 kwa dakika 56 na sekunde 20.02. Wanafunzi wapya wa jeshi mwaka huo walikuwa wakijifunza kwata.

Shida ya pili ni mguu wenyewe. Kuruta huamka alfajiri, hutembea mwendo mrefu na mzigo mgongoni, husimama gwaride kwa muda mrefu na hulala kidogo. Mguu uliozoea kiatu chepesi huingizwa ghafla ndani ya buti, na mfupa wa ugoko au wa wayo unaweza kupata ufa. Jambo hili si geni. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika juu ya askari waliovimba miguu kwa sababu ya kutembea, na baadaye, picha za eksirei zilipopatikana, ikaonekana kwamba mifupa yao ilikuwa imepasuka. Kocha, kwa hiyo, hasemi upuuzi.

Nyumbani tumezoea kuona kinyume chake. Kwetu jeshi halikuua mbio, bali ndilo lililozilea. Filbert Bayi alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Juma Ikangaa, afisa wa jeshi hilo hilo, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. John Ngugi wa jeshi la Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano. Naye Paul Tergat, ambaye utotoni alipenda zaidi mpira wa kikapu, alianza kukimbia kwa bidii baada ya kuingia jeshi la anga la Kenya. Alikuja kuvunja rekodi ya mita 10,000 hapa hapa Brussels, tarehe 22 Agosti 1997, kwa dakika 26 na sekunde 27.85. Usiku huo huo Daniel Komen akavunja ya mita 5,000. Nadhani wauza samaki wa Chaussée de Wavre wa enzi hizo bado wanaukumbuka.

Na si habari za zamani tu. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu, askari wa JWTZ, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03 na kuipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha.

Hata hivyo nilimwambia mama yule asifarijike haraka. Askari mkimbiaji wa Afrika Mashariki akishamaliza ukuruta hupewa ruhusa ya kufanya mazoezi, na mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Hana mtihani wa hesabu Jumatatu asubuhi. Mwanafunzi wa uofisa hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: jeshi, masomo ya chuo kikuu, na mbio.

Hata Wakenya waliong'ara katika jeshi la Marekani walipanga mambo yao kwa zamu. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 Marekani ilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliowaruhusu wageni wenye ujuzi maalumu, zikiwemo lugha kama Kiswahili, kujiunga na jeshi na kupata uraia haraka. Paul Chelimo alikimbilia kwanza Chuo Kikuu cha North Carolina kule Greensboro, akaingia jeshini mwaka 2014, na mwaka 2016 akapata fedha ya mita 5,000 mjini Rio. Sam Chelanga, bingwa wa vyuo akiwa Liberty, aliacha mashindano mwaka 2018 ili awe afisa, ndipo baadaye akarudi mbioni akiwa na sare. Masomo kwanza, buti baadaye.

Wapo waliofanya yote kwa wakati mmoja, lakini ni wachache. Dan Browne alihitimu West Point mwaka 1997, chuo ambacho mwanariadha hupitia kambi ile ile ya kiangazi kama wenzake, kisha mwaka 2004 akakimbia mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki ya Athens. Tazama miaka iliyopita katikati: ni saba.

Ajabu ni kwamba Baraza la Kimataifa la Michezo ya Kijeshi, CISM, lililoundwa mwaka 1948 na nchi tano, Ubelgiji ikiwa mojawapo, lina makao yake makuu katika mji huu huu. Ndilo linaloandaa michezo ya dunia ya majeshi, iliyoanza Rome mwaka 1995. Mama hakuwa amewahi kulisikia.

Jibu langu lilikuwa hili: msimu wa kwanza ahesabu umepotea. Apunguze mbio na aanze kuzoea buti miezi kadhaa kabla ya kambi, asingoje kuvishwa siku ya kwanza. Akiumia ugoko aseme mapema, asijikaze kiume. Na kabla ya kutia saini aulize shuleni atapata saa ngapi za mazoezi kwa wiki baada ya kambi, na kama kocha wake wa sasa ataruhusiwa kumpangia ratiba.

Mama aliniomba nimwandikie maswali hayo kwenye karatasi, kwa Kifaransa, akayatia mfukoni na kurudi kwa mteja wake aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. Kijana mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Bois de la Cambre, akikimbia.