Kilo Mia na Jedwali la Pointi

Jina la Best of the Super Juniors, mashindano makubwa ya mieleka nchini Japani, huwapotosha wengi wanaolisikia kwa mara ya kwanza. Hudhani ni ligi ya vijana wanaochipukia. Sivyo. Kinachoangaliwa hapa ni mizani, wala si cheti cha kuzaliwa: mwanamieleka asizidi kilo 100. Jushin Thunder Liger alitwaa taji hili mwaka 2001 akiwa na miaka 36, na Koji Kanemoto akalitwaa mwaka 2009 akiwa na miaka 42, umri ambao wanamichezo wengi wameshakaa benchi kama makocha. Tena kilo 100 si uzito wa kuchezea. Mwenye nazo akikukanyaga ndani ya daladala utaikumbuka safari hiyo wiki nzima. Anaitwa mwepesi kwa sababu tu kampuni yake, New Japan Pro-Wrestling, ina upande wa pili wenye watu wa miraba minne.

Mashindano yalianza mwaka 1988, Shiro Koshinaka akawa mshindi wa kwanza, na jina la sasa likaja mwaka 1994. Kwa kawaida hufanyika kati ya Mei na Juni. Washiriki hugawanywa katika makundi mawili, kila mmoja akakutana na wote wa kundi lake. Ushindi ni pointi mbili, sare ni moja, aliyeshindwa hapati kitu, na pambano la makundi likifika dakika 30 bila mshindi, kengele inalia na pointi zinagawanwa. Anayeibuka kidedea kwenye fainali kwa kawaida hupata nafasi ya kuuwania mkanda wa IWGP wa wasiozidi kilo 100, mkanda uliopo tangu 1986. Yeyote aliyewahi kupiga hesabu za vidole usiku wa manane kuona kama timu ya taifa bado ina njia ya kwenda AFCON atalielewa jedwali hili bila mkalimani. Na ni jedwali hilo hilo, kuliko miruko na vinyago, linalofanya mashindano haya yastahili kutazamwa na mtu mzima mwenye akili zake.

Hapo mpingaji atadakia: jedwali la nini, wakati mshindi amepangwa? Ni kweli, amepangwa. Mieleka ya kulipwa, iwe ya Marekani au ya Japani, ina watu wanaokaa kuamua nani atashinda, na anayetaka kumthibitishia mtoto wake kwamba ni danganya toto hatakosa ushahidi. Lakini anayesikiliza hadithi ya Sungura na Fisi naye anajua tangu mwanzo nani ataachwa mdomo wazi, na bado anasogea karibu na moto. Anachokifuata ni namna. Tofauti ni kwamba msimulizi wa Sungura anaweza kuongeza chumvi njiani na kesho akabadilisha alichosema jana. Mpangaji wa ligi hana uhuru huo. Akimfungisha mtu siku ya tatu, zile pointi mbili zimepotea. Zitabaki zimepotea ubaoni kila usiku hadi kundi limalizike, mbele ya mashabiki wanaojua kujumlisha. Mieleka ya kawaida ya televisheni huweza kusahau wiki ijayo ilichoahidi wiki hii. Ligi inakumbuka, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayoupa ushindi uliopangwa uzito ambao haukupangwa.

Mfano mzuri ni mwaka 2019. Washiriki walikuwa 20, kila kundi watu 10, maana yake kila mmoja alikuwa na mapambano tisa ndani ya wiki zisizozidi tatu na ushei. Shingo Takagi, aliyejiunga na New Japan miezi michache tu kabla, alishinda yote tisa. Pointi 18 kati ya 18. Ukiliangalia jedwali usiku baada ya usiku, swali lilikuwa linabadilika lenyewe: kwanza ni nani atamsimamisha, kisha kama yupo wa kumsimamisha, mwishowe kama huyu mtu kweli ni wa daraja hili. Juni 5, katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan ambao ndio nyumba ya sumo, Mwingereza Will Ospreay alimshinda baada ya zaidi ya nusu saa. Refa alipopiga mkeka mara ya tatu, wiki tatu nzima ziliangukia sekunde ile. Pambano hilo hilo lingepigwa bila ligi nyuma yake lingekuwa tamu, ila lingekuwa tamu la usiku mmoja.

Ospreay huyo ndiye pia anayetajwa na wenye lawama ya pili, kwamba mieleka ya wepesi imegeuka sarakasi. Mei 27, 2016, katika ukumbi wa Korakuen jijini Tokyo, unaobeba watu kama 2,000 tu, alikutana na Mmarekani Ricochet katika mashindano haya. Kuna kipande ambacho wawili hao wanajizungusha hewani, wanakwepana, wanatua kwa wakati mmoja na kutazamana kama mtu na kioo chake. Kilisambaa duniani kote, na Vader, jitu la Marekani lililowahi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa New Japan, akakiponda hadharani. Sitamkatalia moja kwa moja. Ukikitazama peke yake, kipande kile kinakosa kitu: hakuna anayeonekana kutaka kumuumiza mwenzake. Lakini mashindano yale hayakwisha usiku ule. Fainali ilimkutanisha Ospreay na Ryusuke Taguchi, mtu ambaye silaha yake inayojulikana zaidi ni makalio, na ambaye akichoka kuchekesha hukamata kifundo cha mguu na kukinyonga. Mrukaji akishikwa kifundo, yote aliyoyafanya angani yanakuwa deni. Ospreay alishinda, lakini ilimbidi ashinde akiwa chini pia. Ndivyo ligi inavyomfanyia kila mwenye ufundi wa aina moja: lazima impeleke kwa yule ambaye ufundi huo haumbabaishi.

Mchanganyiko huo wa mitindo una mizizi. Aprili 23, 1981, Satoru Sayama alipanda ulingoni Tokyo akiwa amevaa kinyago cha Tiger Mask, shujaa wa katuni, na mpinzani wake alikuwa Mwingereza Dynamite Kid, asiye na huruma hata chembe. Meksiko nayo ilileta vinyago vyake na miruko ya kwenda nje ya kamba. Ndiyo maana orodha ya mabingwa wa mashindano haya inasomeka kama kitabu cha wageni: Eddie Guerrero alishinda 1996 ndani ya kinyago cha Black Tiger, na Prince Devitt wa Ireland, ambaye watazamaji wa WWE wanamjua kama Finn Bálor, akashinda 2010 na 2013.

Inabaki hoja kwamba daraja hili la wepesi ni ngazi tu ya kukanyagia. Takagi na Ospreay wa fainali ya 2019 wote wawili walipanda, na mwaka 2021 kila mmoja kwa zamu yake akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa New Japan. Hoja hiyo ina nguvu hadi umfikie Hiromu Takahashi. Alishinda mashindano Juni 2018, na mwezi uliofuata akavunjika shingo karibu na San Francisco akipambana na Dragon Lee wa Meksiko. Hilo halikuandikwa na mtu. Alimaliza pambano, akashinda, kisha akakaa nje karibu mwaka mmoja na nusu. Aliporudi hakwenda kwa wazito. Alirudi palepale, akatwaa taji mara tatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, na kufikisha manne, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Lile la 2020 lilisogezwa hadi mwisho wa mwaka kwa sababu ya korona, na mashabiki hawakuruhusiwa kupiga kelele, makofi tu. Katika fainali ya Desemba 11, ndani ya ukumbi wa Budokan, kinyago cha mpinzani wake El Desperado kilichanika. Mwenye kinyago kwa desturi hujifunika uso na kukimbilia pembeni. Desperado alikivua chote kwa mkono wake, akakitupa, akamsogelea Hiromu uso mtupu. Alishindwa usiku ule, akashindwa tena na mtu yuleyule katika fainali ya 2022, na akalipata taji lake mwaka 2024.