Uvimbe wa Sehemu za Siri: Usifichwe, Upimwe



Safari hii tunaeleza ugonjwa usiotokea mara nyingi, lakini unaotesa sana kwa sababu wagonjwa huuficha kwa aibu. Unaitwa uvimbe wa Buschke na Löwenstein, kwa majina ya madaktari wawili wa Ujerumani walioueleza mwaka 1925.

Chanzo chake ni nini?

Ni virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, ambavyo pia huleta masundosundo. Kwa watu wachache, hasa wenye kinga iliyopungua kama waishio na VVU, vinyama hivyo huungana na kuwa uvimbe mkubwa. Uvimbe huo hunuka, huvuja damu na huchimba ndani ya nyama. Kwa kawaida hausambai mbali mwilini, lakini saratani inaweza kuanza ndani yake.

Unatambuliwaje?

Macho peke yake hayatoshi, kwani kaswende na saratani zinaweza kufanana nao. Daktari hukata vipande vidogo vya nyama, sehemu zaidi ya moja na kwa kina, vikapimwe maabara. Kipande cha juujuu kinaweza kukosa saratani iliyo chini. Mgonjwa hupimwa pia VVU na kaswende, na mwanamke huchunguzwa shingo ya kizazi.

Unatibiwaje?

Tiba kuu ni upasuaji wa kuuondoa wote, pamoja na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa. Dawa za kupaka peke yake hazitoshi. Mwenye VVU huendelea na ARV. Kidonda kikipona kazi haijaisha, maana uvimbe huweza kurudi. Ni lazima mgonjwa aendelee kuhudhuria kliniki.

Wajibu wetu

Kamati za parokia, tunawaomba msimhukumu mgonjwa wala kumwacha auchome kwa dawa za kienyeji. Msindikizeni mapema hospitali ya rufaa. Wafadhili wetu, gharama ya kipimo cha maabara na nauli ya kurudi kliniki ndivyo vinavyoweza kumkwamisha maskini. Hapo msaada wenu huokoa.

Wazazi nao wakumbuke chanjo. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018. Chanjo ya aina nne hukinga HPV 6 na 11, pamoja na 16 na 18 ziletazo saratani ya shingo ya kizazi.