Alumini Iliyoyeyuka Yataka Kuongozwa

Katika Trans-Nzoia na Bungoma pikipiki imekuwa mtumishi wa watu wengi. Huchukua abiria, magunia ya mahindi na mitungi ya maziwa katika barabara itokayo Kitale, ipitayo Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, na kutoka hapo kwenda Bungoma. Pikipiki ikianguka juu ya jiwe, kifuniko cha injini chaweza kupasuka na oili ikamwagika. Mwenyewe hukipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Lakini pengine alumini ikianza kuyeyuka hutoa povu kama uji uchemkao, na ikiisha kupoa huonekana vitundu vidogo vidogo. Oili huvuja tena, na siku ya kazi imepotea. Mwenye pikipiki humlaumu fundi, naye fundi huilaumu alumini.

Ni kweli kwamba oili na uchafu usiosafishwa huweza kuleta povu hilo. Lakini iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Hewa yaweza kuwa imefungwa ndani ya kifuniko tangu siku kilipofanywa kiwandani, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

KUFUA NA KUSUBU

Watu wa magharibi ya Kenya hawakuwa wageni wa kazi ya chuma. Wahunzi wa Samia walisifiwa tangu zamani kwa majembe yao. Kazi yao ya kufua ilikuwa kukipasha chuma moto mpaka kilainike, kisha kukipiga nyundo. Kusubu ni kazi nyingine. Hapo madini huyeyushwa yakawa kama maji, yakatiwa katika kalibu, nayo yakipoa hushika umbo la kalibu hiyo.

Vifuniko vingi vya injini za pikipiki husubiwa kwa mashine. Kalibu yake ni ya chuma kigumu, nayo ina vipande viwili vinavyobanwa pamoja kwa nguvu nyingi. Kando yake iko silinda iliyolala, na ndani ya silinda imo pistoni. Alumini safi huyeyuka katika joto la digrii 660 za Selsiasi. Ikiisha kuyeyuka huchotwa kwa upawa na kumiminwa katika silinda, kisha pistoni huisukuma mpaka ndani ya kalibu. Uzima wa kifuniko hutegemea sana jinsi pistoni inavyokwenda.

HATUA TATU

Hatua ya kwanza ni ya taratibu. Alumini haikuijaza silinda. Juu yake imebaki hewa. Pistoni ikienda mbio, alumini huinuka kama wimbi la ziwani, hujikunja, na kuimeza hewa ile. Ikikawia mno, alumini huanza kupoa kabla ya wakati. Kwa hiyo mwendo wa pistoni kwa kawaida huwa chini ya mita 1 kwa sekunde, ili hewa itangulizwe mbele na kutoka katika njia zake.

Hatua ya pili ni ya haraka kabisa. Alumini ikifika kwenye mlango mwembamba wa kalibu, pistoni huongeza mwendo ghafula. Alumini yaweza kupita mlangoni kwa mita 40 kwa sekunde, yaani kilometa 144 kwa saa, na kalibu hujaa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Haraka hii ina maana. Kuta za kifuniko ni nyembamba, na kalibu ina joto dogo kuliko alumini; ikichelewa, mikondo miwili hukutana ikiwa imepoa, isishikamane vema, na pale hubaki mstari dhaifu.

Hatua ya tatu ni ya kukandamiza. Alumini igandapo hupungua kwa kadiri ya sehemu 6 katika kila 100. Pistoni huendelea kushindilia kwa kani iliyo mamia ya mara ya ile ya hewa tunayovuta, ili alumini zaidi iingie kujaza mapengo. Lakini kani ikizidi nguvu za kuibana kalibu, alumini hupenya katikati ya vipande viwili na kutoka nje.

Hapo ndipo ilipo siri ya povu la fundi. Hewa iliyomezwa katika hatua ya kwanza na ya pili haikuondoshwa na hatua ya tatu. Ilibanwa tu ikawa vitone vidogo sana. Fundi ayeyushapo mahali palipopasuka, hewa ile hufunguliwa, hupanuka, na kutoa povu. Kwa hiyo yafaa kuosha oili yote, kutoboa tundu dogo katika kila ncha ya ufa ili usiendelee, na kupasha kifuniko joto kidogo kidogo kabla ya kuchomelea. Povu likizidi kutoka, busara ni kununua kifuniko kingine kuliko kulipia kazi ile ile mara mbili.

KUTOKA HERUFI MPAKA INJINI

Ufundi huu ni ndugu wa ufundi wa magazeti. Mwaka 1886 mashine ya Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyehamia Marekani, ilianza kazi katika gazeti la New York Tribune. Pistoni yake ilisukuma risasi iliyoyeyushwa pamoja na madini mengine katika kalibu, ukatoka mstari mzima wa herufi. Joto lisipokuwa sawa, mstari uliweza kutoka na kasoro. Na kalibu isipobanwa sawasawa, risasi ya moto iliruka nje na kuweza kumwunguza mfanyakazi.

Zamani mtu wa mashine alirekebisha vali kwa mkono, kisha akavunja kazi iliyokwisha ili atazame ndani yake. Siku hizi vipimo vilivyounganishwa na kompyuta huandika mwendo na kani ya pistoni katika kila kipigo, na mashine nyingine huweza kujisahihisha kabla kipigo hakijaisha.

Fundi wa jua kali asubuye kwa mchanga hana pistoni wala kompyuta, lakini sheria ya hewa haimwachi. Kalibu yake haiwezi kustahimili haraka ya mashine. Alumini ipitayo nusu mita kwa sekunde huanza kurukaruka na kukunja utando wake ndani. Na amimine bila kukatiza, mdomo wa kalibu ukae umejaa, na hewa iachiwe matundu ya kutokea. Zaidi ya yote, mchanga usiwe na maji mengi, wala upawa usiwe na umande. Kwa maana maji yageukapo mvuke huenea kadiri ya mara 1,600, na alumini ya moto huruka usoni mwa watu.

Methali husema haraka haraka haina baraka. Katika kusubu, methali hiyo ni nusu ya kweli. Mashine huanza polepole, hukimbia wakati wake ukifika, kisha hushikilia. Na fundi ajuaye saa ya kila moja ndiye kazi yake haivuji.